Tembe za Nywele: Mimi Nilikosea, Lakini Ninyi Mnaoziuza Mmezidi



Andiko la leo ni refu. Kama uko kwenye matatu, lihifadhi ulisome jioni. Na kama wewe ni mwanamume unayemeza dawa yoyote ya nywele au ya tezi dume, nakusihi usiishie katikati, kwa sababu kusikia nusu ndiko kulikotuletea shida.

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa mistari minne. Nilitaja dawa inayoitwa finasteride, nikasema wanaume wa kanisa letu watupe tembe za nywele, kwamba zinamaliza nguvu za kiume, kwamba ni mtego. Mliitikia Amina nyingi kuliko nilizowahi kupata nikifundisha juu ya kusameheana. (Hilo nalo tutalizungumza siku nyingine.) Mmoja wa walioitikia ni mzee wetu ambaye umri wake umepita miaka 70 na ambaye husomewa simu na mjukuu. Mzee huyu ana tezi dume iliyopanuka, na hospitali ilimwandikia dawa aina mbili. Mjukuu aliposoma lile jina, mzee akakumbuka kwamba linafanana na lililo kwenye pakiti yake. Hakuwa na hakika ni pakiti ipi. Akazitupa zote mbili chooni, kwa imani, kwa sababu Pasta amesema.

Siku ya tano mkojo ulifunga. Alipelekwa hospitali saa kumi alfajiri akiwa ameshikilia tumbo, akawekwa mpira.

Nilipofika, daktari alinieleza kwamba ile dawa ya pili, ambayo mimi sikuitaja hata kidogo, ndiyo inayolegeza njia ya mkojo, na kuiacha ghafla pengine ndiko kulikofunga njia. Lakini hata niliyoitaja, akasema, kwa mzee huyu ni dawa halali ya ugonjwa halisi, na kazi yake ni kuipunguza tezi isiendelee kukua. Kisha akaniuliza kama nilisomea udaktari. Nilisomea Biblia, miaka mitatu. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo leo naanza kwa kutubu mbele yenu. Mzee nimeshamwomba msamaha uso kwa uso, na watoto wake pia. Baba zetu mnaotumia dawa za tezi dume: msiache. Sikuwa nikisema na ninyi, na hata kama ningekuwa nikisema na ninyi, sikuwa na haki. Ukiwa na shaka na dawa, ibebe pakiti yenyewe uende nayo kwa aliyekuandikia.

Sasa nieleze kwa nini niliandika ile mistari minne kwa hasira. Hasira ile ilikuwa na sababu, na sababu haijaondoka.

Kuna kijana wetu, miaka 29. Amenipa ruhusa kusimulia, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Nywele zilianza kumtoka akiwa na miaka 23, kwanza pembeni mwa paji la uso, kisha utosini. Amechumbia, harusi ilikuwa Desemba. Alikuja kwangu akiwa amekonda. Alisema hamu ya mwanamke imemtoka kabisa, mwili hauamki hata asubuhi, na moyo umekuwa mzito kama jiwe. Shangazi yake alikuwa ameshaamua kwamba ni kazi ya msichana aliyeachwa. Akataka tukemee.

Nikakemea. Tulifunga siku tatu, tukakesha usiku mbili. Nilikemea roho za ukoo wa baba, nikakemea za ukoo wa mama, nikakemea kila kitu ila kilichokuwa mfukoni mwake. Sikumuuliza swali moja ambalo muuguzi yeyote wa zahanati angeliuliza mlangoni: unatumia dawa gani?

Usiku mmoja saa nane simu yangu ililia. Alikuwa yeye. Hakulia, hakupiga kelele, aliongea polepole sana akisema haoni sababu ya kuiona asubuhi, na akanishukuru kwa maombi. Wachungaji wenzangu, mkisikia mtu anawashukuru saa nane usiku kwa sauti kama hiyo, msimwombee kwenye simu halafu mkalala. Washeni gari. Mimi na shemasi mmoja tulikaa naye hadi kukacha, tukampeleka hospitali. Huko ndiko daktari alipouliza lile swali, na kijana akatoa kikebe cha plastiki chenye karatasi iliyobandikwa: vitamini za nywele, asilia. Alikinunua kupitia WhatsApp, akalipa kwa M-Pesa, kikaletwa na boda boda. Alikuwa amemeza kwa miezi mitano. Muuzaji alipobanwa kwenye ujumbe aseme ndani mna nini, alijibu kwamba ni finasteride, akaweka na alama ya kucheka.

Vitamini!

Wapendwa, niruhusuni nieleze hii dawa ni nini, kwa sababu mtu hawezi kupima hatari ya kitu asichokijua. Nimesoma, na dada yetu mfamasia amenisahihisha mahali nilipopotoka.

Mwili wa mwanamume una homoni inayoitwa testosteroni. Sehemu ya homoni hiyo hugeuzwa na kimeng'enya fulani kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo madaktari huiita DHT kwa kifupi. DHT ndiyo inayoumba viungo vya kiume vya mtoto akiwa tumboni, ndiyo inayokuza tezi dume, inaleta ndevu, na kwa mwanamume aliyerithi maumbile hayo, ndiyo inayonywesha mizizi ya nywele za utosini sumu ya polepole mpaka unywele unakuwa mwembamba kama wa mtoto mchanga, kisha hauonekani tena. Finasteride hukizuia kile kimeng'enya. DHT katika damu hushuka kwa karibu asilimia 70. Ndugu yake, dutasteride, huishusha kwa zaidi ya asilimia 90.

Jambo hili halikuanza jana. Wagiriki wa kale walishaona kwamba matowashi hawaoti upara. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani, James Hamilton, alithibitisha: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, lakini baadhi yao walipopewa testosteroni, wale ambao koo zao zina upara wakaanza kuupoteza utosi. Mwaka 1974 watafiti wakaandika habari za watoto wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Wakizaliwa walidhaniwa wasichana. Walipobalehe miili ikageuka ya kiume. Walipokua watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara. Kampuni ya Merck iliona hapo mlango wa dawa. Marekani iliidhinisha finasteride ya miligramu 5 kwa tezi dume mwaka 1992, na ya miligramu 1 kwa nywele mwaka 1997.

Sasa wewe niambie: kitu kilichogunduliwa kwa kuwatazama matowashi na watoto waliozaliwa na jinsia isiyoeleweka, kinachoingia kwenye kiwanda cha uanaume wako na kufunga mashine moja, ni cha kuuzwa pamoja na sabuni ya uso kwenye ukurasa wenye picha za kabla na baada?

Lakini nimeahidi kusema ukweli wote safari hii, si nusu inayonipendeza. Kwa hiyo tuangalie hesabu.

Katika majaribio yaliyofanywa kabla ya dawa kuidhinishwa kwa nywele, wanaume wapatao 4 kati ya 100 waliomeza dawa waliripoti tatizo la tendo la ndoa: hamu kupungua, kusimamisha kwa shida, au mbegu kupungua. Waliomeza tembe zisizo na dawa yoyote, bila kujua, waliripoti hayo hayo 2 kati ya 100. Wengi walipona walipoacha, na wengine walipona hata wakiendelea kumeza. Na dawa inafanya kazi. Wanaume wengi huacha kupoteza nywele, na kwa baadhi zinarudi. Ndugu mmoja aliniandikia kwa ukali chini ya lile andiko la kwanza kwamba ametumia miaka minne, nywele zimejaa, mke amejifungua mapacha, na kwamba mimi ninatisha watu. Ndugu, nakuamini. Wako wengi kama wewe.

Kuna jambo jingine lililonichoma. Watafiti wa Italia mwaka 2007 waliwapa wanaume wenye tezi dume finasteride. Nusu waliambiwa waziwazi kwamba huenda ikaathiri tendo la ndoa, nusu hawakuambiwa. Walioambiwa walilalamika karibu 44 kati ya 100. Wasioambiwa, 15. Dawa ile ile! Hofu peke yake inaweza kuangusha mwili. Basi fikiria pasta mwenye kipaza sauti anayepiga kelele kwamba tembe hii inaua nguvu za kiume. Huenda nimewaumiza watu ambao tembe yenyewe isingewaumiza.

Je, nimalizie hapo, niseme hatari ni ndogo, kila mtu ameze kwa amani? Hapana. Kwa sababu hesabu ile ya 4 kwa 100 ina upande wa pili ambao muuzaji hakuandiki kwenye kikebe.

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya dawa hii ili yaseme kwamba baadhi ya wanaume wameripoti matatizo ya tendo la ndoa yaliyoendelea hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 2022 ikaongeza taarifa za mawazo ya kujiua. Uingereza mwaka 2024 ikaagiza kila pakiti iwekewe kadi ya tahadhari. Mwezi wa Mei 2025 wataalamu wa usalama wa dawa wa Umoja wa Ulaya walihitimisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara ya tembe za finasteride, na kwamba taarifa nyingi zilitoka kwa wanaume wa ile miligramu 1, yaani wa nywele. Bado wanasema faida inazidi hatari kwa matumizi yaliyoidhinishwa. Wanasema pia kwamba haijulikani hutokea kwa watu wangapi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hatari ndogo isiyojulikana ukubwa si sawa kwa kila mtu. Mzee wa miaka 70 asiyeweza kukojoa anapima hatari hiyo dhidi ya mpira na upasuaji. Kijana wa miaka 29 anaipima dhidi ya nini? Dhidi ya wembe wa kinyozi. Ugonjwa anaoutibu haumuumizi mwili, haumnyimi pumzi, haumzuii kuzaa. Torati yenyewe, iliyokuwa kali kwa kila doa la ngozi, ilipofika kwa mwenye upara ilisema ni safi, aende zake. Kwa hiyo kwenye mizani ya kijana, upande wa faida ni wa nywele, na upande wa hasara, hata ukiwa na uwezekano mdogo, kuna ndoa na kuna uhai. Anaweza bado kuamua kumeza. Ni mtu mzima. Lakini lazima aione mizani yote miwili ikiwa wazi, si mmoja uliofunikwa kwa kibandiko cha vitamini.

Na hapa nageuka kwenu mnaouza.

Hamkumuuliza kama amewahi kuwa na huzuni nzito. Kijana wetu aliwahi, akiwa chuo. Daktari angelijua hilo angemwambia asianze, au angemwangalia kwa karibu. Hamkumwambia kwamba akiona moyo unazama aache mara moja na aende hospitali. Hamkumwambia kwamba dawa huchukua miezi mitatu na zaidi kabla ya kuonyesha lolote, na kwamba akiacha, alichokipata kitapotea ndani ya mwaka. Yaani mmemuuzia mkataba wa maisha kwa bei ya mwezi mmoja, shilingi 2,500, na hamkumsomea mkataba.

Hamkumuuliza kama ana mke mjamzito. Mjamzito hatakiwi kushika tembe ya finasteride iliyovunjika au kusagwa, kwa kuwa dawa ikipenya kwenye ngozi inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Ninyi mnawafundisha wateja wazikate vipande vinne ili ziwe nafuu, kwenye meza ile ile ambayo mama atakunia nazi!

Hamkuwaambia wanaume waliopita miaka 50 kwamba dawa hii hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kiitwacho PSA kwa karibu nusu. Mwanamume akipimwa bila kumwambia daktari kwamba anameza, anaweza kuonyeshwa namba nzuri akiwa na saratani. Hamkuwaambia wachangiaji damu kwamba wanapaswa kusubiri mwezi mmoja baada ya tembe ya mwisho, na miezi sita kama ni dutasteride, maana hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na damu ile inaweza kuingia kwa mama mjamzito. Vijana wetu huchangia damu kila Agosti pale kanisani. Ni wangapi wanameza? Sijui, kwa sababu ninyi mmewafundisha kuficha.

Na msinijibu kwamba siku hizi mnauza ya kupaka. Mwezi wa Aprili 2025 Wamarekani hao hao walitoa tahadhari juu ya finasteride za kupaka zinazochanganywa bila idhini: waliozipaka waliripoti wasiwasi, huzuni, matatizo ya tendo la ndoa, vilevile kama waliomeza. Dawa hupenya ngozi ya kichwa ikaingia kwenye damu, na kichwa hicho hulala kwenye mto mmoja na kichwa cha mke. (Minoxidil ni habari nyingine. Hiyo haigusi homoni; ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Mwenye moyo dhaifu aulize daktari kwanza. Sina ugomvi nayo leo.)

Mwenye kemisti aliyesajiliwa, anayekuuliza maswali mpaka unaona aibu, anakupenda kuliko muuzaji anayekuita bosi. Na ukidhurika na dawa, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa kutoka kwa mwananchi wa kawaida, si kwa madaktari tu. Toa taarifa. Kunyamaza si upole.

Nimemaliza na wauzaji. Sasa nitugeukie sisi wa madhabahuni, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki.

Nani aliyemfundisha kijana yule kuchukia kichwa chake? Nilimuuliza. Alinitajia siku na saa. Ilikuwa kwenye kongamano la vijana, mhubiri mgeni akamwita mbele, akampapasa utosi, akasema hapa shetani amelima barabara, ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nilicheka pia. Tunawasimulia watoto wa shule ya Jumapili habari za wale vijana waliomdhihaki Elisha kwa upara wake na dubu wawili waliotoka mwituni, halafu tunafanya utani ule ule tukiwa na kipaza sauti.

Kisha kuna mtumishi mmoja, sitamtaja, anayeuza mafuta ya upako ya kuotesha nywele. Ndugu yangu katika huduma, wewe ni kipara. Nasema hivi kwa upendo, nami ni kipara mwenzio tangu nikiwa na miaka 35. Kama mafuta yale yana upako wa nywele, anza Yerusalemu.

Na kuna wale walioniandikia kwamba kutumia dawa ya nywele ni kukosa imani, ni kiburi, ni roho ya Absalomu. Absalomu alizipima nywele zake kwa shekeli na kichwa chake ndicho kilichomnasa kwenye mwaloni, kweli. Lakini kijana anayeogopa kuonekana babu kwenye picha za harusi yake si Absalomu. Ana aibu, na aibu ukiikemea inakwenda kujificha WhatsApp. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilivaa kofia mpaka kwenye mazishi. Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa kinyozi, akakaa benchi akisubiri, na kilipokwisha kunyolewa akasema sasa naiona sura yako. Nililipa shilingi 100. Si kila mwanamume ana mtu wa kumkalia benchi.

Hilo linanipeleka kwenye ndoa. Mtume alifundisha kwamba mume hana amri juu ya mwili wake peke yake. Mkewe ana sehemu. Tumezoea kulitumia andiko hilo kwa jambo moja tu, na mnajua ni lipi. Lakini kama kuna tembe inayoweza kugusa kitanda, ujauzito na furaha ya nyumba, basi mke ana haki ya kujua imeingia nyumbani. Kijana wetu alimficha mchumba wake miezi mitano. Binti aliona mwanamume anapoa, hamgusi mkono, hapokei simu. Alihesabu mambo mawili: kuna mwingine, au hanipendi. Alikuwa karibu kurudisha pete kwa ajili ya kikebe ambacho hakujua kipo.

Dada zangu, mume akibadilika ghafla, kabla hamjamwita shangazi, ulizeni kwa upole kama kuna dawa yoyote anayotumia: ya nywele, ya shinikizo, ya sindano za gym, ya usingizi. Dawa nyingi hugusa mambo haya. Na wanaume, mkiulizwa, jibuni.

Sasa mtauliza, Pasta, kwa hiyo unasema nini, tumeze au tusimeze? Nitasema maoni yangu, na ni maoni ya mchungaji, si ya daktari. Kama wewe ni kijana hujaoa au hujamaliza kupata watoto, na umewahi kupitia huzuni nzito au wazo la kujidhuru, mimi ningekusihi uiache hiyo habari, ukae na wembe au na unywele uliobaki. Kama huna historia hiyo, na umeona daktari, na mke anajua, na pakiti ina jina la dawa na la kiwanda, na una mtu wa kukuambia ukweli ukianza kubadilika, basi hutasikia mahubiri yangu dhidi yako. Kama tayari unameza na uko sawa, usikimbie kwa hofu ya andiko hili. Nenda ukazungumze na daktari. Kama unameza na moyo umeanza kuzama, usisubiri Jumapili. Acha, mwambie mtu leo, nenda hospitali usiku huu huu. Na usiogope kwamba utapelekwa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, hospitali ndiyo pake.

Mtaniuliza pia kama ni tembe ndizo zilizomfikisha kijana wetu pale. Nilimuuliza daktari swali hilo hilo. Alisema hawezi kuapa. Alikuwa na huzuni ya zamani, alikuwa na gharama za harusi, alikuwa na tembe. Alisema tu kwamba kati ya hayo matatu, tembe ndiyo ingeweza kuondolewa siku hiyo hiyo, wakaiondoa.

Ni wiki ya saba sasa. Usingizi umerudi. Hamu ya chakula imerudi. Lile jambo jingine, anasema, linarudi polepole, siku nyingine lipo na siku nyingine halipo, na daktari anaendelea kumwona. Harusi imesogezwa hadi Aprili. Binti ndiye aliyeomba isogezwe, si ivunjwe. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu akiwa amenyoa kichwa chote, amevaa shati jeupe, akaniuliza kama anafanana na mimi. Nikamwambia asijitukane.

Mzee ametolewa mpira Jumanne. Dawa zake zote mbili amerudishiwa, na mjukuu ameandika juu ya kila pakiti kwa kalamu nyekundu kazi yake ni nini. Ibada ya katikati ya wiki ni Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni kama kawaida, na baada ya ibada dada yetu mfamasia atakaa ofisini kwangu mpaka saa mbili. Beba dawa zako zote kwenye mfuko usioonyesha. Mlango utakuwa umefungwa, na mimi nitakuwa nje.